Kuvalisha tairi jembamba kwenye rimu pana: mwongozo kwa wenye magari Mtwara na Lindi

Kila rimu pana zinaposhushwa na basi la kutoka Dar, maswali ni yale yale. Rimu ni 9J, tairi la 195 litakaa? Fundi pancha wa mtaani ataweza? Nikienda nalo Masasi halitachomoka njiani? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Kwanza msimamo wangu, ili usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta ruhusa ambayo sitoi. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu ulioruhusiwa na mtengenezaji, kuanzia kiwango cha chini mpaka cha juu. Kwa gari la kutembelea kila siku huku kwetu, inchi moja juu ya kiwango cha juu inatosha. Inapendeza, ubavu unalala vizuri, fenda inapumua. Ukipita hapo unaunda gari la kupigia picha Shangani. Na hata hiyo inchi moja tayari iko nje ya kitabu cha mtengenezaji: likitokea la kutokea, kampuni ya bima inaweza kukugeuzia maneno. Uamuzi ni wako, ila uufanye ukijua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rimu zilizonyooka, zisizo na ufa wala kuchomelewa. Zizungushe kwenye mashine ya balansi kabla hujalipa.
- Matairi mapya. Rudia mara mbili: mapya. Tairi la mtumba lililokwisha kuzoea rimu nyembamba lina mdomo (ule ukingo wa tairi unaokaa kwenye rimu) mgumu, na ubavu wake hujui umepitia nini. Angalia namba nne za tarehe ubavuni. 2324, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2024.
- Vali mpya nne, na kifaa cha kutolea sindano ya vali.
- Mafuta maalumu ya kuvalishia tairi.
- Kompresa yenye tangi kubwa. Kile kipampu cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari hakifai kwa kazi hii.
- Belti ya kukazia mizigo, ile ya malori, yenye kikazio chake.
- Geji ya upepo unayoiamini, ya kwako mwenyewe.
- Spana ya toki, nati zinazoendana na rimu, na ringi za katikati kama tundu la rimu ni kubwa kuliko habu.
- Miwani ya kukinga macho.
- Fundi mwenye mashine ya kubadilishia tairi yenye vikinga vya plastiki.

Hilo la mwisho ndilo linalobishaniwa zaidi. Mafundi wetu wa mitaimbo ni hodari, na tairi la Fuso wanalivua huku wanapiga stori. Lakini rimu ya alumini yenye kingo pana mtaimbo unaichuna, na mdomo wa tairi lililovutwa, yaani jembamba lililotanuliwa kwenye rimu pana, ukikwanguliwa kidogo tu, upepo utakuwa unavuja mpaka utupe tairi. Kama aliye karibu nawe hana mashine, zipeleke rimu na matairi kwa mwenye nayo, hata kama ni mji mwingine. Nauli ni ndogo kuliko rimu.

Hatua ya 1: Soma namba

Chukua 205/45R17. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 45 ya huo upana. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwenye rimu, 8.5J ni upana wa inchi 8.5, sawa na milimita 216 hivi. Upana huo hupimwa ndani, pale midomo ya tairi inapokaa. Ukiweka futi kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje utapata namba kubwa kuliko ya kweli na utakosea kila kitu kinachofuata.

Viwango vya juu vya rimu kwa saizi zinazoulizwa sana: 195/50R15 mwisho 7J, 195/45R16 mwisho 7.5J, 205/45R17 mwisho 7.5J, 215/45R17 mwisho 8J. Ongeza inchi moja na hapo ndipo msimamo wangu unapoishia. Kwa hiyo jibu la swali la 195 kwenye 9J: litakaa, ndiyo, mafundi wanalikalisha. Kwenye barabara zetu mimi silipendekezi hata kidogo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kimo na ya mzigo

Tufanye kwa Toyota Alteza, maana ndiyo gari la mjadala huu. Zile zilizotoka kiwandani na rimu za inchi 17 zilikuja na 215/45R17 kwenye rimu ya 7J. Kipenyo chake: ubavu ni 215 × 0.45, yaani milimita 96.75, mara mbili ni 193.5, ongeza rimu ya inchi 17, milimita 431.8, jumla 625.3. Sasa 205/45R17: 92.25 mara mbili ni 184.5, ongeza 431.8, jumla 616.3. Tofauti ni asilimia 1.4, haina neno. Tofauti isivuke asilimia 3. Ukienda 205/40R17 unashuka hadi 595.8, karibu asilimia 5. Kilomita zitasoma uongo, na gari litakuwa limeshuka chini kabla hujagusa springi.

Mzigo ndio wengi wanaousahau kabisa. Baada ya saizi kuna namba kama 84, 87 au 88. Namba 87 ina maana tairi moja linabeba kilo 545. 84 ni kilo 500. 88 ni kilo 560. Alteza ilikuja na 87. Ukinunua 205/45R17 ya kawaida utapewa 84, umeshuka. Tafuta yenye herufi XL, yaani iliyoimarishwa kubeba mzigo zaidi, itakuwa 88. Lakini XL haibebi hizo kilo 560 kwa upepo wa kawaida. Inazibeba ikiwa na psi 42. Ndiyo maana tairi lililovutwa linajazwa zaidi kuliko maandishi ya mlangoni mwa gari. Tutarudi hapo.

Hatua ya 3: Jaribu rimu tupu kwenye gari

Wengi wanairuka hatua hii kwa sababu rimu zimefika jioni na kesho kuna harusi. Usiiruke. Rimu ikishavalishwa tairi, mwenye duka hairudishi.

Piga jeki, weka stendi, funga rimu bila tairi. Izungushe kwa mkono. Kidole kidogo kipite kati ya rimu na kalipa ya breki. Angalia nyuma, upande wa shokapu. Kata stelingi mpaka mwisho, kulia na kushoto.

Kabla hata ya jeki, ofseti itakupa picha: ni ile namba ya ET kwenye rimu, milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaogusa habu. Chukua nusu ya upana wa rimu kwa milimita: ukijumlisha ofseti unapata inavyoingia ndani, ukitoa ofseti unapata inavyotoka nje. Rimu ya kiwandani ya Alteza, 7J ET50: ndani 138.9, nje 38.9. Rimu mpya 8.5J ET40: ndani 147.9, nje 67.9. Maana yake itasogea ndani milimita 9 na kutoka nje milimita 29. Sasa nenda na rula kwenye fenda yako uone kama milimita 29 zipo.

Usitatue tatizo la ndani kwa kuongeza spesa (kipande cha kusogeza rimu nje) bila kuhesabu nati. Nati za Toyota hizi ni M12 × 1.5, na inatakiwa iingie mizunguko isiyopungua 8 kwenye stadi. Ikishika mizunguko minne, hiyo haijafungwa.

Hatua ya 4: Safisha pale mdomo unapokaa

Sisi tunaishi na chumvi. Gari linalolala Mikindani au Shangani, rimu yake ya alumini inatoa unga mweupe pale ndani ambapo mdomo wa tairi unakaa, na rimu za mtumba nyingi huja tayari na unga huo. Usipoutoa, utavuja upepo polepole na utamlaumu fundi. Tumia brashi laini ya waya na msasa mwembamba mpaka uone chuma safi, lakini usichimbe. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, halafu weka vali mpya. Vali ya zamani usiirudishe hata kama inaonekana nzima.

Hatua ya 5: Pitisha tairi

Chungulia rimu kwa ndani uone lile bonde la katikati, sehemu iliyozama. Linakuwa karibu na upande mmoja. Tairi linapitishwa kwa upande huo. Kwenye rimu nyingi ni upande wa mbele, lakini rimu pana zenye kina kirefu mara nyingi bonde liko upande wa nyuma, na fundi aliyezoea rimu za kawaida ataanza mbele na kulazimisha. Mwambie mapema.

Paka mafuta ya kuvalishia kwenye midomo yote miwili ya tairi na kwenye kingo zote mbili za rimu. Usipake grisi, usipake oili, usipake dizeli: vinaharibu mpira, na baadaye rimu itateleza ndani ya tairi ukikanyaga breki. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia pia, kwani inaila alumini.

Angalia mshale wa mwelekeo, au neno OUTSIDE ubavuni, kabla mdomo wa kwanza haujaingia. Kugeuza tairi lililovutwa ni kuutesa mdomo mara ya pili.

Hatua ya 6: Kalisha midomo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Tairi jembamba kwenye rimu pana linaacha uwazi pande zote mbili. Ukijaza, upepo unatoka kwenye uwazi huo na tairi halipandi. Jibu la haraka la mitaani ni petroli: inamwagwa kidogo ndani, kiberiti, mlipuko, tairi linakaa. Kataa. Kataa hata kama fundi anakuhakikishia kafanya miaka yote. Mlipuko haupimwi kwa geji. Unaunguza utando wa ndani unaoshikilia upepo, na unaweza kuupasua waya ulio ndani ya mdomo bila wewe kuona. Watu wanapoteza vidole na macho kwa kazi hii. Fundi akishika chupa ya petroli, chukua rimu yako uondoke.

Njia salama ni hii:

a) Toa sindano ya vali, ili upepo uingie kwa kasi.

b) Funga belti ya mizigo katikati ya uso wa tairi, pale linapokanyaga lami, na ikaze. Uso ukibanwa, mabavu yanatanuka kuelekea kingo za rimu.

c) Ongeza mafuta ya kuvalishia.

d) Fungulia upepo kutoka kwenye tangi lililojaa, kwa mpira unaojishika wenyewe kwenye vali, wewe ukiwa umesimama mbali. Usiinamie tairi. Usishike ukingo kwa vidole.

e) Midomo ikianza kushika na upepo ukaacha kutoka pembeni, simamisha, legeza belti na uitoe. Halafu endelea kujaza.

f) Sikiliza. Utasikia pa! ya kwanza, kisha pa! ya pili. Kila mdomo una sauti yake, na sauti moja ina maana upande mmoja bado.

Usivuke psi 40 katika kukalisha. Ikifika 40 na mdomo mmoja haujapanda, toa upepo wote, paka tena, anza upya. Kuongeza hadi 60 "ili ishtuke" ndiko kunakopasua mdomo, na tairi linalopasuka likijazwa linarusha rimu juu.

Kama belti haitoshi, kuna njia ya tyubu ya baiskeli: inapakwa mafuta na kulazwa kwenye uwazi kati ya mdomo na kingo ya rimu ili iuzibe, kisha inasukumwa nje tairi likipanda. Na kama hiyo nayo haitoshi, kunahitajika tangi la kupuliza upepo kwa mkupuo. Ila tairi kwenye rimu ya inchi moja zaidi karibu kila mara linakubali kwa belti. Likigoma kwa belti na tyubu, pima tena rimu. Huenda si 8.5J uliyouziwa.

Sasa inama utazame kwa karibu. Juu kidogo ya kingo ya rimu kuna mstari mwembamba wa mpira uliozunguka tairi lote. Tembeza kidole gumba kati ya mstari huo na rimu, mzunguko mzima, mbele na nyuma. Nafasi iwe ile ile kila mahali. Mahali mstari unapozama na kujificha, mdomo haujakaa hapo, hata kama geji inaonyesha upepo mzuri.

Hatua ya 7: Pima kuvuja, uliache lilale

Rudisha sindano, jaza psi 40, mwagia maji ya sabuni kwenye midomo, vali na viungo vya rimu kama ni ya vipande. Mapovu madogo yanayokua taratibu ndiyo yanayokuangusha baadaye. Andika namba ya geji kwa chaki kwenye tairi, uliache mpaka asubuhi, pima tena kabla jua halijapanda.

Hatua ya 8: Balansi, kisha funga

Dai vipande vya uzito vya kubandika ndani ya rimu. Vile vya kugongelea vinachubua kingo, na tairi lililovutwa halizifichi kingo hizo.

Nati: Toyota nyingi za kiwandani zenye rimu za alumini zinatumia nati yenye washa bapa. Rimu za kununua nyingi zinataka nati ya koni. Ukizichanganya zitalegea. Tundu la katikati la Alteza ni milimita 60.1, rimu ikiwa na tundu kubwa zaidi, weka ringi. Kaza kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limegusa chini kidogo, na malizia kwa spana ya toki kwenye 103 Nm. Mashine ya upepo ya kufungia nati isitumike kumalizia.

Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukiwa unaelekea Lindi, simama Mingoyo ufanye hivyo.

Hatua ya 9: Upepo na siku za mwanzo

Kwa mfano wetu wa 205/45R17 XL kwenye 8.5J, anzia psi 38 tairi likiwa baridi, na usivuke namba ya juu iliyoandikwa ubavuni. Pima asubuhi, kila wiki, si mchana wa Mtwara baada ya kutembea, maana joto linapandisha namba na utadhani unao wa kutosha. Upepo ndio unaoushikilia mdomo mahali pake. Tairi la kawaida likishuka hadi psi 22 unaendesha bila kujua. Hili likishuka hivyo, kona moja ya kuteremka Mikindani inaweza kulichomoa.

Fanya alaimenti mara baada ya kufunga. Kisha tembea mjini kwanza, pita matuta taratibu, sikiliza kama kuna kinachosugua.

Na kuhusu barabara: njia yetu inabeba malori ya saruji na ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini, na pale lami inapochoka mashimo huja kwa makundi. Tairi la kawaida lina mpira uliotokeza unaopokea kipigo. Lako rimu ndiyo iliyotokeza. Usiku punguza mwendo, na usipande ukingo wa lami uliomeguka kwa pembe.

Ikileta shida

*Linapungua psi 2 au 3 kwa wiki.* Mwagia sabuni. Ni vali au unga wa chumvi. Rudi hatua ya 4. Fundi akikuambia uweke tyubu ndani, kataa: tyubu itabanwa, itapata joto na kupasuka ghafla.

*Limetobolewa na msumari.* Kama ni kwenye uso, lizibwe kwa kiraka cha ndani na fundi mwenye mashine. Ukiwa njiani, kamba ya mpira ya kuzibia kutoka nje itakufikisha. Usimruhusu mtu kulivua kwa nyundo. Kama ni ubavuni, tairi hilo limekwisha. Ubavu uliovutwa haushikilii kiraka.

*Stelingi inatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa.* Balansi, au ringi za katikati hazipo. Hakikisha pia vipande vya kubandika havijadondoka.

*Linasugua ukiwa na abiria nyuma.* Tafuta alama ya kung'aa kwenye fenda. Kukunja ukingo wa ndani wa fenda kunasaidia kwa milimita chache, ila rangi ipakwe siku hiyo hiyo, la sivyo kutu ya pwani itaanza pale. Kama inasugua bila abiria, gari limeshushwa mno.

*Linalika upande wa ndani.* Alaimenti. Gari lililoshushwa linalaza magurudumu ndani, na uso mwembamba unaisha haraka. Pitisha mkono upande wa ndani kila mwezi. Macho hayafiki huko, na waya unaweza kuwa umeshatokeza huku nje tairi linaonekana jipya.

*Spea ni ya saizi nyingine.* Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Alteza, usifunge spea fupi nyuma kwa safari ndefu. Pancha ikiwa nyuma, toa gurudumu zima la mbele ulipeleke nyuma, na spea ifungwe mbele, mwendo wa taratibu mpaka kwa fundi. Na hakikisha kwenye buti zipo nati zinazoendana na hiyo spea, kwa sababu nati za koni za rimu mpya huenda zisiishike.